Wasia wa Foucault na Juzuu ya Nne

Michel Foucault alifariki dunia mjini Paris tarehe 25 Juni 1984, akiwa na umri wa miaka 57. Kuhusu maandishi yake ambayo yalikuwa hayajachapishwa aliacha neno fupi mno, kwamba yasitolewe baada ya kufa kwake. Sisi tuliolelewa katika desturi ya kuuheshimu wasia twajua uzito wa neno kama hilo. Lakini tangu siku ile vitabu vipya vyenye jina lake havijakoma kutoka, na mwaka 2018 kilitoka kile kilichongojewa kuliko vyote: *Les Aveux de la chair*, juzuu ya nne ya historia yake ya ujinsia, kikiwa kimehaririwa na Frédéric Gros. Swali langu si la kisheria. Nauliza kama tukisomapo kitabu hicho twasoma kazi ya Foucault, au twasoma makaratasi yake.

Kwanza mpangilio, kwani nambari zaweza kumpotosha msomaji. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1976. Kikafuata kimya cha miaka 8, kisha juzuu ya pili na ya tatu zikatoka kwa mfululizo mwaka 1984, wiki chache tu kabla ya mauti yake. Msomaji aweza kudhani kwamba ya nne ndiyo kauli ya mwisho. Sivyo. Muswada wake ulifikishwa kwa mchapishaji Gallimard mwaka 1982, kabla ya ya pili na ya tatu kupata sura tunayoijua. Foucault alikuwa akiwasoma mababa wa Kanisa, Clement wa Alexandria, Tertullian, Cassian na Augustino, katika maktaba tulivu ya Wadominiko iitwayo Saulchoir. Akaona hawezi kueleza ni lipi jipya walilolileta Wakristo hao kabla hajajua Wagiriki na Warumi walikuwa na nini. Akarudi nyuma karne kadhaa. Mauti yalimkuta akiwa bado anausahihisha muswada ule wa zamani.

Nao ni muswada wa namna gani? Yeyote aliyekisoma kitabu chake cha 1966, kinachofunguliwa kwa maelezo marefu ya picha moja ya Velázquez, atashangaa. Mapambo yote yameondoka. Hapa mna mtu ameinama juu ya matini, anafafanua aya baada ya aya, bila haraka na bila kumbembeleza msomaji. Sura za ubatizo na toba zinachosha, nami sioni haya kulisema hilo. Lakini afikapo kwa Cassian, kitabu kinaamka. Mtawa anatakiwa ayakague mawazo yake kama mbadilisha fedha anavyoikagua kila sarafu, aitazame chapa yake, aipime uzito, ajue ni halali au ni ghushi, kisha aseme yote mbele ya mkubwa wake. Hoja ya Foucault yasimama hapo: makatazo ya Wakristo kuhusu ndoa na tamaa hayakuwa mapya sana, kwani Wastoiki walikuwa nayo mengi. Jambo jipya lilikuwa wajibu wa kuisema kweli ya nafsi yako, bila kuficha hata wazo lililopita kama kivuli.

Mwenye kufasiri hujikwaa mapema zaidi, kwenye jina. Kifaransa kina *corps* na kina *chair*. Sisi neno letu *mwili* limebeba yote mawili, na *nyama*, pasipo *damu* pembeni yake, linanukia bucha. *Kuungama* ni kwa kanisani, ilhali *kukiri* kwaingia hata mahakamani na dukani penye deni. Nimeshika *Maungamo ya Mwili*, nusu kwa kukata tamaa. Faraja yangu ni ile *ya* ya katikati, ambayo ina utata uleule wa Kifaransa: ni mwili unaoungama, au ni mwili unaoungamwa?

Turudi kwenye wasia. Mihadhara yake ya Collège de France, juzuu 13 zilizotolewa kati ya 1997 na 2015, ilitetewa kwa hoja kwamba ilikwisha kusemwa hadharani, na kanda za kaseti za wasikilizaji zikawa shahidi. Hoja hiyo naikubali. Juzuu ya nne nayo aliipeleka kwa mchapishaji kwa mkono wake mwenyewe. Lakini mwaka 2013 Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ilinunua makaratasi yake, karibu kurasa 37,000, yaliyokuwa yametunzwa na mwenzake Daniel Defert, na humo mna madondoo, rasimu na mengi aliyoyaacha njiani. Foucault huyuhuyu ndiye aliyeuliza mwaka 1969, katika mhadhara wake juu ya mwandishi ni nini, kama hati ya dobi ikikutwa ndani ya daftari la Nietzsche nayo ni sehemu ya kazi zake. Hakutoa jibu.

Yapasa pia tukumbuke kwamba yeye mwenyewe alikuwa mfunguzi wa barua za watu. Mwaka 1982, pamoja na Arlette Farge, alichapisha barua kutoka kumbukumbu za Bastille, za wake na waume na wazazi wa karne ya 18 waliomsihi mfalme awafunge jamaa zao. Hakuna hata mmoja wao aliyeombwa ruhusa. Wala Muyaka wetu hakuulizwa. Diwani yake ilipigwa chapa mwaka 1940, yapata karne nzima tangu azikwe, nasi twashukuru. Lakini Muyaka hakukataza.

Mhariri ametia viambatisho mwishoni mwa juzuu ya nne, kurasa zilizokuwa pamoja na muswada lakini si za kitabu chenyewe. Ameifanya kazi hiyo kwa uaminifu na ametenga wazi lipi ni lipi. Nimevisoma mara moja. Katika tafsiri yangu sitavitia.