Tazama Penye Maungio

Mzee anayekwenda Matondoni kununua jahazi hababaiki na rangi. Huvua viatu, akakizunguka chombo kikiwa bado juu ya magogo, kisha hupiga goti pale ubao unapokutana na ubao. Hupitisha ukucha juu ya kalafati, ile pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kati ya mbao, akabonyeza, akanusa, akagonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Ubao mzuri hauvuji katikati. Maji huingia penye maungio.

Kipimo hicho ndicho ninachotumia kuwatazama watu wanaovusha wagonjwa mahututi katika visiwa vyetu vya Lamu, na hakijanidanganya. Mgonjwa wa Nairobi aghalabu hupakiwa mara moja na kushushwa mara moja. Wa Kizingitini hutoka mikononi mwa nesi wa zahanati, akaingia mikononi mwa vijana wa machela, kisha mwa nahodha na mhudumu wa boti, kisha mwa wanaongoja gatini Amu, kisha mwa hospitali ya King Fahd. Akizidiwa hapo, huvushwa tena hadi Mokowe apakiwe ambulensi ya Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 300, au hupelekwa Manda kungoja ndege. Kila anapobadili mikono pana mshono, na mshono uliolegea huingiza maji hata kama kila fundi peke yake ni hodari.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama kikosi cha dharura ni bora, usikae sana kwenye ukubwa wa mashine ya boti, fulana zinazong'aa wala king'ora. Vitu hivyo vina kazi yake, lakini mwenye fedha hununua vyote kwa siku moja.

Anza kabla simu haijalia. Nenda gatini asubuhi, uwaombe wakuoneshe mkoba wao; wanaoipenda kazi hii hufurahi kuulizwa. Mwombe mmoja afumbe macho akutolee barakoa ya kumpulizia hewa mtoto mchanga. Mkono ukienda moja kwa moja, ujue mkoba hupangwa upya baada ya kila safari na kila mmoja anajua mahali pa kila kitu. Mkono ukianza kupapasa mchana kweupe na maji yametulia, jiulize utapapasa vipi saa 8 usiku chombo kikirushwa na mawimbi ya kusi.

Kisha tazama mtungi wa oksijeni, na hasa spana yake. Katika boti bora kuliko yote niliyopata kupanda, spana ilikuwa imefungwa kwa kamba shingoni mwa mtungi, kwa fundo la kibaharia, na pembeni pana kichupa cha dawa chenye pete mbili za akiba za kuzuia hewa isivuje. Mtu aliyefunga kamba ile alishawahi kutafuta spana gizani, au alifundishwa na aliyewahi. Muulize mhudumu pia mtungi utadumu muda gani. Ukiwa na lita 680, na mgonjwa anahitaji lita 10 kwa dakika, utakwisha kwa dakika 68, tena kama ulianza ukiwa umejaa. Mhudumu anayemfuata mgonjwa Kiunga bila kupiga hesabu hiyo hajui kama amebeba hewa ya kumfikisha. Gusa mkasi, funua mahali pa betri. Chumvi ya bahari hula chuma na shaba bila kelele, na kifaa kilichofutwa kwa maji baridi na kukaushwa kila jioni huonekana kwa macho.

Pwani yetu ina mtihani mwingine ambao vitabu vya bara havina: maji. Hata nesi wa kikosi, sembuse nahodha, anapaswa kukuambia papo hapo kama leo ni bamvua au maji mafu, na saa ngapi maji yatakupwa. Mkanda, ule mlango kati ya Manda na bara, haupitiki kila saa, na mkono wa bahari unaoingia Siyu hukauka ukabaki tope na mikoko. Kikosi dhaifu hupokea simu, kikawasha mashine, kikaenda kukwama kwenye mchanga kikiwaona ndugu wa mgonjwa kwa mbali. Kikosi bora huzungumza kwanza, nusu dakika tu. Nilimsikia nahodha mmoja akisema, "Nesi, maji yapwa. Siyu hatuingii. Waambie wamlete Mtangawanda kwa njia ya nchi kavu." Nesi akapiga simu zahanati pale pale, akawapa saa ya kufika, akawaeleza namna ya kumlaza mgonjwa njiani, na akawataka wamsomee alichowaambia. Boti na mgonjwa walifika Mtangawanda karibu wakati mmoja. Mtu asiyejua bahari angeliona jambo hilo kuwa bahati.

Sasa watazame wakibeba. Hapa mjini, kutoka nyumba ya ghorofa ya Mkomani hadi gatini, machela hupita ngazi nyembamba, daka, kona tatu nne za vichochoro, kisha barabara ya Usita wa Mui yenye punda na mikokoteni. Kikosi kizuri humtanguliza mtu mmoja asiyebeba kitu, kazi yake kusimamisha punda na kuwaomba watu waegemee ukutani. Aliyeko kichwani mwa mgonjwa ndiye msemaji, na wote humngoja yeye. Ngazini mgonjwa hushuka miguu ikitangulia, machela imelazwa sawa, kwa hiyo wa mbele huinua na wa nyuma huinama bila kuambiwa. Tazama mikono ya mgonjwa: imekunjwa kifuani ndani ya mkanda, au inaning'inia ikigonga matumbawe ya ukuta? Msikilize pia msemaji. Fundi wa kweli huongea na mgonjwa kabla ya kila tikisiko: "Sasa twashuka ngazi, bibi, utajihisi umeinama kidogo."

Pale gatini ndipo ninapotazama kuliko pengine popote, kwa sababu ngazi ya gati imetulia na boti linapanda na kushuka. Wasiojua huvuta machela haraka, mguu mmoja ngazini na mwingine chomboni, wakamwachia Mungu yaliyobaki. Wanaojua husimama. Wawili wameshaingia botini na kupiga magoti, nahodha amekibana chombo ubavuni mwa gati, na wote wanatazama maji. Mawimbi matatu hupita bila mtu kusema neno. Boti likipanda hadi kimo cha ngazi, msemaji husema "sasa", na machela huingia imelala kama sinia ya kahawa. Subira ile ya mawimbi matatu ni ujuzi, na huchukua miaka kuipata.

Baharini, tazama macho ya nahodha. Mbio zina thamani yake, lakini boti linalopiga mawimbi kwa kishindo humuumiza aliyevunjika mgongo, humtesa mama mwenye uchungu, na hufanya kukandamiza kifua kuwe karibu muhali. Moyo uliosimama unataka kukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua cha mtu mzima kishuke walau sentimita 5, na mkandamizaji abadilishwe kila dakika 2 kabla mikono haijalegea. Nesi akiinua mkono, nahodha hupunguza mwendo bila kuuliza sababu. Akiushusha, mashine hunguruma tena. Ukiona wawili hao wanaelewana bila maneno, ujue wamefanya mazoezi pamoja, chombo kimoja, watu wale wale.

Kuhusu maneno yenyewe, kuna alama isiyokosea. Katika kikosi kilichofunzwa, agizo hutolewa kwa jina na hurudishwa. "Omari, nipe adrenalini miligramu moja." "Adrenalini miligramu moja." Kisha, "Imeingia, saa 9 na dakika 10." Anayesikia kwa mara ya kwanza hudhani ni kupoteza muda. Lakini upepo hula maneno, mashine hula maneno, na mtu mwenye hofu husikia anachotarajia kusikia.

Jambo gumu zaidi kwetu ni mdogo kumkosoa mkubwa. Tumelelewa kutomkatiza mtu mzima, na malezi hayo sitaki yapotee. Ila dripu iliyosimama haijui nani kaka wa nani. Vikosi bora vya huku vimepata njia ndani ya heshima yenyewe: wamekubaliana neno la kuonya kwa adabu. Nilimwona baharia kijana, hata ndevu hazijatimia, akimwambia mkubwa wake, "Mwalimu, naomba utazame mkono wake." Mwalimu hakuuliza kwa nini, wala hakukunja uso, aligeuka mara moja, akaona sindano imetoka mshipani na mkono umevimba, akairekebisha na kusema, "Ahsante, mwanangu." Watazame wakubwa wanapoambiwa jambo na wadogo. Uso ule ukikunjamana, safari ijayo kijana atanyamaza.

Mshono ulio dhaifu kuliko yote ni makabidhiano. Dada yangu alipopata kifafa cha mimba alivushwa kutoka kisiwa kingine usiku, na waliomvusha walifanya kazi kwa moyo wote. Kumbe sindano aliyopewa kule haikuandikwa popote. Nesi aliyempokea akauliza kama ameshapewa magnesiamu salfeti, na kila mmoja akamtazama mwenzake. Dozi ya kwanza ya dawa hiyo ni kubwa, gramu 14, sehemu mshipani na sehemu kwenye nyama za makalio, na kuirudia kwa kutojua kunaweza kuzima pumzi. Kutoipa kabisa ni kumwachia degedege lirudi. Nesi yule hakufoka. Aligonga goti la dada yangu kwa ubavu wa kiganja, mguu ukaruka kidogo. Akahesabu pumzi dakika nzima, macho yakiwa kwenye saa. Goti kuruka hakukumwambia kama dawa imeingia, kulimwambia tu kwamba haijazidi. Akabaki amemshika mkono huku mwenzake akipiga simu, mtandao ukikatika na kurudi, mpaka mkunga wa kule alipopatikana. Ilikuwa imeingia. Dada yangu yuko hai na mwanawe anasoma, lakini zile dakika za simu sijazisahau, na karatasi moja ingalitosha kuziondoa.

Tangu hapo, nikiona boti limefika, hutazama dakika ya kwanza baada ya machela kutua. Katika makabidhiano mazuri wote hunyamaza na mmoja husema: nani huyu, umri wake, nini kilimpata na saa ngapi, tulimkuta vipi, tumempa nini na saa ngapi, na amebadilika vipi. Mpokeaji hurudia. Karatasi hubadili mkono na mgonjwa, bora zaidi ikiwa imebandikwa kifuani pake. Madaktari wa moyo wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, waliona kwamba watoto huwa hatarini wanapotolewa chumba cha upasuaji kwenda chumba cha uangalizi, wakawaendea mafundi wa magari ya mashindano ya Ferrari kujifunza namna ya kupokezana. Matokeo waliyachapisha mwaka 2007: makosa yalipungua walipompa mtu mmoja uongozi, kila mkono kazi yake, na wengine wakanyamaza. Amu tungeliweza kuwaonesha jahazi la mashindano likibisha, tanga likihamishwa upande na mabaharia wakipishana bila kugongana.

Sheria nayo iko upande wa mgonjwa. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inasema matibabu hayo yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitali. Hata hivyo Oktoba 2015, jijini Nairobi, majeruhi wa ajali alikaa takriban saa 18 ndani ya ambulensi akitafutiwa kitanda, na hatimaye akafariki. Ndiyo maana kikosi bora hupiga simu mbele na kupata jina la atakayepokea kabla kamba ya boti haijafunguliwa.

Kuhusu mafunzo, cheti ni mwanzo. Uliza ni lini mara ya mwisho walifanya zoezi la kumtoa mtu majini usiku. Kisha uliza watamfanyia nini. Wakikuambia watambinua wammwage maji, au watambonyeza tumbo, ondoka. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo asipopumua hupewa pumzi kwanza, kisha kifua. Na usimdharau mtu kwa kuwa hakusoma sana. Mwaka 1967 mjini Pittsburgh, Marekani, Daktari Peter Safar na wenzake waliwachukua vijana weusi wa mtaa wa Hill, wengi wao wasio na kazi, wakawafunza kwa mamia ya saa, na kikosi kikaitwa Freedom House. Hadi kikosi kilipovunjwa mwaka 1975, kilikuwa kimeonesha maana ya kumtibu mgonjwa njiani badala ya kumbeba tu. Mvuvi wa Faza anayejua maji na ana mikono tulivu anafundishika vivyo hivyo, akipewa saa zile zile na walimu wa aina ile.

Uliza la mwisho: safari iliyopita, nini kiliharibika? Wakisema hakuna kitu, shukuru na uende zako. Wale wa boti lenye spana walinijibu kwa zamu, mdogo akianza: mkanda wa machela ulichelewa kufunguka, simu ya mapokezi haikushikwa mara ya kwanza. Walikuwa wametoka kumshusha mgonjwa wakati huo huo. Nesi alikuwa anaandika. Baharia alimwagia machela maji baridi kwa ndoo, akaukausha mkanda ule kwa kitambaa, akaufunga na kuufungua mara tano. Nahodha alishusha mtungi mtupu, akapandisha uliojaa, akatazama kipimo chake chini ya taa, kisha akavuta fundo la spana kuhakikisha kwamba limeshika.