Taa ya Benzi iliyolegea: itambue plastiki kwanza, gundi baadaye

Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1989, ya ukoo unaojulikana kama W124, iliingia gereji moja jijini Dar es Salaam na lalamiko fupi: usiku taa ya kushoto inamulika majani ya miembe, na gari likivuka tuta mwanga unacheza. Mwenyewe alikuwa ameshanunua balbu mpya. Pesa yake ilipotea bure. Balbu hukaa kwenye kiakisi, lile bakuli linalong'aa ndani ya taa, na kiakisi kikilegea hata balbu ya bei mbaya itamulika ndege.

Kwenye gari hili kioo cha mbele ni kioo kweli, kimebanwa kwa klipu kwenye boksi la plastiki, katikati kuna raba ya kuzuia maji. Kiakisi kiko ndani na kimeshikwa sehemu chache tu. Skurubu zenye vichwa vya mviringo kama gololi zimesukumwa kwenye vikombe vidogo vya plastiki. Ukizungusha kitasa cha nyuma, skurubu inasogea na kiakisi kinainama au kugeuka. Kikombe kimoja kilikuwa kimepasuka mdomo. Isitoshe, sikio moja la boksi, linaloshika kwenye bodi, lilikuwa limekatika na kufungwa waya.

Kabla ya kukihukumu kikombe, fundi aliangalia mipira ya vakyumu. Benzi nyingi za Ulaya za miaka hiyo zina kitufe kwenye dashibodi cha kushusha taa gari likibeba mzigo, na kazi hiyo hufanywa na mvuto wa hewa unaopita kwenye vimipira vyembamba. Kimipira kikipasuka, taa nayo hukaa vibaya, na ukikimbilia kuifumua utafumua taa nzima bure. Hapa mipira ilikuwa salama.

Sasa swali lililobeba kazi yote: hii ni plastiki gani? Mafundi wengi huruka hatua hii na kunyoosha mkono kwenye supa glu. Jibu mara nyingine limeandikwa mgongoni mwa kipande chenyewe, herufi zilizowekwa kati ya alama mbili za mshale: >PP<, >ABS<, >PA66-GF30<, >PBT<, >POM<. GF30 maana yake plastiki imechanganywa na nyuzi za kioo kiasi cha asilimia 30. Tatizo ni kwamba vipande vidogo na vya zamani mara nyingi havina maandishi yoyote.

Fundi wetu alikata chembe kama punje ya mchele kutoka kila kipande na kuitumbukiza kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, ili mapovu yasiinyanyue na kumdanganya. Polipropilini huelea, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji. Zote mbili zilizama. Akamimina chumvi na kukoroga mpaka chumvi ikakataa kuyeyuka. Kwenye maji hayo mazito ABS hupanda juu, nailoni tupu pia, lakini PBT, asetali na nailoni yenye nyuzi za kioo hubaki chini. Zikabaki chini zote mbili. Hatua ya mwisho ilikuwa sindano ya moto, ikichomwa mahali pasipoonekana, dirisha wazi na pua mbali. Sikio la boksi lilitoa harufu ya nywele zilizoungua: nailoni. Kikombe kilitoa harufu kali ya fomalini, ile ya chumba cha maiti, na hiyo ni asetali. Moshi wake ni sumu, kwa hiyo mguso mmoja unatosha.

Majibu hayo mawili yaliamua kila kilichofuata. Asetali ni plastiki ya utelezi. Ndiyo maana hutengenezewa gia na bushi, na ndiyo maana gundi haiishiki. Ukikibandika kikombe cha asetali kitashika mpaka tuta la kwanza. Kikatupwa. Nailoni inakubali kurekebishwa, na sikio la boksi halizunguki wala halisuguani na kitu, hivyo likabaki.

Kulirudisha sikio kulikuwa hivi. Kingo zote zilipigwa msasa mpaka mng'ao ukaisha, zikafutwa kwa spiriti, zikaunganishwa. Kipande cha wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu kikalazwa upande wa ndani na kuzamishwa kwenye plastiki kwa pasi ya kulehemia, taratibu, mpaka plastiki ikafunika nyuzi. Juu yake ikapakwa epoksi ya kuchanganya mbili, pande zote, ikaachwa usiku kucha. Supa glu haikuguswa, na sababu ni ya maana: mvuke wake huacha ukungu mweupe, na ukungu huo ukitua kwenye kiakisi haufutiki bila kukwangua ule utando wa kung'aa.

Kikombe kilipelekwa kwa mkereza vyuma. Wengi wanacho kijiti cha asetali nyeupe cha kuchonga bushi, na inachongeka vizuri kwenye leithi. Kipimo kilikuwa cha gololi yenyewe, kwa venia, si cha kikombe cha zamani kilichokwisha kutanuka. Mdomo uliachwa mwembamba kidogo kuliko gololi na kupasuliwa mifereji minne, ili ufunguke gololi ikiingia kisha ubane. Grisi ya silikoni kidogo, basi. Grisi ya kawaida hutoa mvuke ikipashwa joto, na mvuke hutua kwenye kiakisi.

Angekuwa anaweka kikombe au klipu mpya ya nailoni, ingebidi aichemshe kwanza kwenye maji. Nailoni kavu hukatika ikilazimishwa. Ikishanyonya maji hupinda bila kulalamika. Na kwa wanaochapisha vipuri kwa mashine za 3D: PLA ya kawaida hulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi. Nyuma ya taa, jua la Dar likiwa utosini, itakuwa uji.

Nini kilikipasua kikombe? Umri, mitikisiko na joto. Balbu ya H4 ya kawaida ni wati 60 kwa taa kali na 55 kwa dimu. Ndani ya taa hii ilikutwa ya wati 100, na plastiki jirani ilikuwa imeiva rangi ya kahawia. Balbu hiyo ilitolewa. Kisha gari likaegeshwa sehemu tambarare mita 5 kutoka ukutani, na mstari wa dimu ukashushwa sentimita 5 chini ya kimo cha katikati ya taa, yaani asilimia 1.

Kwa hesabu yangu kazi hii ilifanywa inavyostahili, ingawa lile sikio nisingeliamini kwenye gari la njia za shamba. Huko ningetafuta boksi zima.

Na ukienda Gerezani jijini Dar au Kirinyaga Road jijini Nairobi kutafuta taa nzima, soma kioo kabla ya kutoa pesa. Herufi PL maana yake kioo hicho ni cha plastiki: kitapauka kwa jua, na dawa ya meno itakipa mng'ao wa muda tu, kwa kuwa haiurudishi utando wa kukikinga na jua. Tafuta pia mshale. Taa ya Ulaya iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto, kama Tanzania na Kenya, ina mshale unaoelekea kulia kwako ukiitazama kwa mbele. Isiyo na mshale kabisa ni ya nchi zinazoendesha kulia, na dimu yake itampiga machoni kila anayekuja mbele yako. Irudishe kwenye rafu.