Alama Isiyofika Karuba

Dizeli, ambayo watu wa Goma huiita mazutu, hupanda hadi Karuba, mashariki mwa Kongo, kupitia Sake, na mnunuzi wa mwisho huipokea ndani ya bidoni. Anayenunua kwa Kadafi, mchuuzi wa mafuta wa kando ya barabara, hana kipimo ila pua yake. Huko nyuma, karibu na bandari za Tanzania na Kenya, vipimo vilikuwapo.

Tanzania ilianza kutia vinasaba, yaani alama ya kemikali, kwenye mafuta Septemba 2010. Huwekwa kwenye yale yaliyolipiwa kodi. Ya kwenda nchi jirani hayawekwi. Mkaguzi kituoni hupima kinasaba kimebaki kiasi gani. Ongeza mafuta ya taa, dizeli ya Kongo iliyoshushwa njiani, au hata oili chafu ya gereji: kiwango kitashuka. Kipimo hakijui umetia nini, kinajua umetia.

Kenya iligeuza hesabu. Hutia alama mafuta ya taa na yale ya kwenda nje, kisha huitafuta pasipotakiwa. Mkwepa kodi hunaswa vizuri. Oili chafu haina alama, hivyo kwa kipimo hicho peke yake inapita.

Kodi nayo ilitumika. Mwaka 2011 Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita. Mwaka 2018 Kenya ikayawekea mafuta hayo tozo ya shilingi zake 18 kwa lita. Faida ya kuchakachua ikapungua (mwenye kibatari ndiye aliyelipa). Lakini taka ya sumu, kama hiyo oili chafu, haiponi kwa dawa hiyo, maana mwenye nayo yuko tayari kulipa ili imwondokee.

Mkataba wa Bamako wa 1991 unakataza taka hizo kuingizwa Afrika, ila ukaguzi mpakani huanza na jina lililoandikwa kwenye hati. Mabaki ya kuosha petroli ghafi ndani ya meli ya Probo Koala yalishushwa Abidjan mwaka 2006 kwa jina la maji machafu ya meli. Ikichanganywa, taka huvuka kwa jina la dizeli.

Mzigo wa Kongo, basi, ukipita Tanzania huondoka bila kinasaba. Ukipita Kenya hubeba alama iliyowekwa ili isomwe Kenya. Kinachobaki ni kupima mafuta yenyewe mpakani, kazi inayoiangukia OCC, shirika la Kongo la ukaguzi wa bidhaa. Joto la kuwaka hufichua petroli au mafuta ya taa ndani ya mazutu. Oili chafu haionekani hapo. Hiyo hutaka kipimo cha majivu na metali, tena kabla lori halijamiminwa kwenye bidoni, kwa sababu bidoni haina hati.