Maji, Miwani na Honi: Uhakiki wa Mwisho wa Filamu ya Chinatown (1974) kwa Mtazamo wa Mkiwa, Singida

Ni rahisi kuuchukulia mwisho wa filamu ya Chinatown, iliyoongozwa na Roman Polanski, kuwa ushindi wa uovu tu. Evelyn Mulwray anauawa kwa risasi ya polisi. Baba yake, Noah Cross, anamchukua binti, Katherine. Mpelelezi Jake Gittes anaondolewa na wenzake. Ufafanuzi huo si wa makosa, ila haujibu swali la msingi: Cross amefikaje pale?

Amefikishwa na Gittes mwenyewe. Baada ya kupata miwani iliyoopolewa katika bwawa la nyumbani kwa Mulwray, Gittes anampigia Cross simu ili amkabili kwa ushahidi huo. Miwani inanyang'anywa kwa mtutu wa bastola, na mpelelezi analazimishwa kuongoza njia hadi maficho ya Evelyn. Msomaji aliyelelewa na riwaya za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla huamini kwamba kidokezo kikipatikana, fumbo limefumbuliwa na mhalifu amekwisha. Hapa kidokezo ndicho kinachoua.

Mkiwa imo katika ukanda mkame wa Singida, wenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Kwa mtazamaji wa huko, maji yanayomwagwa usiku wakati wa ukame si mapambo ya hadithi. Cross anataka bonde linunuliwe kwa bei ya kutupa, kisha lipelekewe maji; kisa kinachokumbusha mfereji uliofunguliwa mwaka 1913 kutoa maji Bonde la Owens hadi Los Angeles. Anayemiliki maji ndiye anayemdai mtoto, ambaye ni binti yake na mjukuu wake kwa pamoja. Umiliki ni mmoja.

Mwandishi wa mswada, Robert Towne, alitaka Evelyn amuue Cross na kubaki hai. Polanski alikataa, na alikuwa sahihi, ingawa Tuzo ya Oscar ilimwendea Towne kwa mswada ambao mwisho wake haukuwa chaguo lake. Kifo cha Cross kingekuwa kisasi cha kifamilia, na suala la ardhi lingesahaulika.

Honi inayolia chini ya kichwa cha Evelyn ilikwisha kusikika awali, alipoinamia usukani kwa uchovu. Mtazamaji anaikumbuka akiwa amechelewa, kama Gittes. Mtaani watu wanatawanywa. Mradi wa bwawa haujaguswa.