Thor Alipaswa Kushuka Mapema

Kosa lilifanyika njiani kutoka Sri Lanka. Mliomfuatilia Torbjørn "Thor" Pedersen katika mradi wake wa Once Upon a Saga mnaijua hesabu: alitoka Denmark tarehe 10 Oktoba 2013, hakupanda ndege hata mara moja, na tarehe 24 Mei 2023 akakanyaga Maldives, nchi ya 203 na ya mwisho kwenye orodha yake. Kilichobaki kilikuwa kurudi nyumbani tu. Akarudi Sri Lanka, akapanda meli ya makontena Milan Maersk, na baada ya siku 33 akateremka gatini Aarhus tarehe 26 Julai. Kanuni zake zote alizitimiza. Hata hivyo, kipande hicho cha mwisho ndicho kibovu kuliko vyote alivyosafiri, na alikichagua mwenyewe.

Kazi yake njema haina ubishi. Corona ilimkwamisha Hong Kong miaka miwili, zikiwa zimesalia nchi tisa, na bado alikataa ndege. Huo ni uamuzi wa msafiri aliyekomaa.

Sasa turudi kwenye ile meli. Sri Lanka ni kisiwa, na wakati ule feri ya kwenda India ilikuwa bado haijarejeshwa. Kutoka kwa meli hakukwepeki, na hapo simlaumu. Swali ni alishuka wapi. Meli za makontena za njia ya Asia na Ulaya haziendi moja kwa moja kama basi la usiku. Njia hiyo ina bandari zake zinazojulikana: Algeciras kule Uhispania, Rotterdam, Bremerhaven. Hata kama meli ile haikupanga kutia nanga huko, zilikuwepo nyingine, na mtu aliyekwisha kupanda meli za makontena zaidi ya 30 anajua namna ya kuomba nafasi.

Na fikiria hili. Kwa karibu miaka kumi mtu huyu alipigishwa foleni za viza, akanyimwa, akazungushwa, akageuzwa mipakani. Ulaya ya Umoja ndiyo sehemu ya dunia ambako hakuna ofisa ambaye angemdai viza. Raia wa Denmark anashuka Uhispania, anapanda treni, anavuka Ufaransa na Ujerumani bila kugongewa muhuri. Wengi wetu wenye pasipoti za Afrika Mashariki tungepewa nafasi ya kufanya hivyo tungelia kwa furaha, maana sisi hupeleka taarifa za benki na barua za mwajiri ubalozini, kisha tukarudishiwa pasipoti tupu. Yeye alikuwa na mlango wazi, akaupita kwa mbali akiwa juu ya sitaha.

Meli ile ina urefu wa karibu mita 400 na hubeba makontena ya futi 20 zaidi ya 20,000. Abiria kwenye meli ya aina hiyo analala chumba chake, anakula na maofisa kwa saa zilezile kila siku, anawaona mabaharia walewale tangu wanapong'oa nanga mpaka wanapoitia. Mabaharia ni watu wema, sina neno nao. Lakini kauli mbiu ya Thor inasema mgeni ni rafiki ambaye bado hujakutana naye. Kauli hiyo aliithibitisha ndani ya mabasi zaidi ya 300, kwenye viti vya kubanana na watu asiowajua. Halafu siku za mwisho, ambazo ndizo za kuipima kauli yenyewe, akazipeleka mahali ambapo hapandi mgeni mpya.

Mwenyewe alieleza kwamba kurudi kwa meli kuna utukufu wa kale, watu wanasimama nchi kavu na kupunga mikono. Hoja hiyo inawafaa wanaopokea. Siku za mwisho za safari ni za msafiri kwanza.

Aliyewahi kupanda treni ya TAZARA kutoka Kapiri Mposhi, Zambia, anaelewa ninachosema. Treni inapokaribia Tunduma, wabadilisha fedha wanapita behewani na vibunda vya kwacha na shilingi, na Kiswahili kinaanza kushika mazungumzo kiti kwa kiti. Mama anayeshuka Makambako anakuuliza umekaa ng'ambo muda gani, na unalazimika kumjibu. Ukifika Dar es Salaam umeshaisimulia safari yako mara kadhaa kwa watu wasiokuogopa wala kukusifia, na wao wameshakuambia bei ya mchele na nani amekufa. Unaingia nyumbani ukiwa umeshaanza kuwa mwenyeji. Kazi hiyo kontena haliifanyi.

Mkongwe wa kazi hii ni Ibn Battuta, huyo huyo aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Alipoanza safari ya kurudi magharibi alikuwa na tatizo lilelile la Thor: yuko upande wa India, na bahari iko mbele yake. Akapanda chombo Calicut, akasafiri siku 28 hadi Dhofar, Oman, mwaka 1347. Na hapo hakung'ang'ania bahari moja kwa moja mpaka kwao. Alipita Hormuz, Shiraz, Isfahan, Basra, Baghdad, akafika Damascus mwaka 1348. Ni Damascus alikoambiwa kwamba baba yake alikufa miaka 15 iliyopita. Taarifa ya kifo cha mama yake, aliyeuawa na tauni, ilimfikia Taza, akiwa tayari ndani ya Moroko. Habari za nyumbani zilimjia moja moja, kituo kwa kituo, kutoka vinywani mwa watu. Alipofika Tangier kuzuru kaburi la mama alijua anakwenda kusimama mbele ya nini.

Nimesema mara nyingi na nitarudia: kanuni kama ile ya Thor, ya kukaa angalau saa 24 katika kila nchi, ndiyo iliyowaharibu wasafiri wa shanta wa zama hizi. Inawafundisha kumaliza orodha, na orodha ikishakwisha wanadhani safari nayo imekwisha. Salim bin Abakari, aliyeandika kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia, kazi iliyochapishwa mwaka 1901, hakuhesabu nchi. Alitazama watu wanakula nini, wanavaa nini, wanaishije. 

Najua nitaambiwa Thor alikuwa amechoka, na mke anamsubiri, yule ambaye yeye Thor alimchumbia Mlima Kenya mwaka 2016. Ndiyo sababu zaidi ya kushuka. Kutoka Rotterdam hadi mpaka wa Denmark kwa treni ni mwendo wa siku moja. Isitoshe, mwaka 2013 alitoka kwao kwa treni, akaingia Ujerumani. Mpaka uleule ulikuwa unamngoja.

Kwa hiyo wewe unayepanga safari ndefu, panga siku za mwisho kabla ya zote. Zitembee kwa nchi kavu, mchana, kwenye usafiri wa umma, na uingie kwenu kwa mlango uliotokea. Thor alikuwa na nafasi hiyo mkononi, akaiacha ipite.