Sifa za Ngozi Kavu

Kukausha kitu Masisi au Walikale, katika Kivu Kaskazini nchini Kongo, ni ubishi na hewa yenyewe. Masisi ni milima inayopita mita 2,000, ambako ukungu hulala juu ya malisho ya ng'ombe mpaka jua lipate nguvu, na shati lililofuliwa asubuhi huingizwa ndani jioni likiwa bado bichi. Ukishuka magharibi kwa njia ya Nyabiondo na Kashebere hadi Walikale, unaingia kwenye msitu mkubwa wa bonde la Kongo, chini ya mita 1,000, na huko unyevu haupumziki mchana wala usiku. Chumvi huyeyuka ndani ya kopo, na sabuni hulainika ikiwa bado haijafunguliwa. Katika nchi kama hii, mtu anayeweza kukupa bawa la kuku ambalo ngozi yake inalia karakara kati ya meno anastahili kuitwa fundi.

Siri yote ya ngozi hiyo ni maji. Maadamu maji yangalimo, ngozi haiwezi kupata joto kuliko maji yanayochemka: nyuzi 100 pwani, na karibu 93 tu kwenye vilima vya mita 2,000. Rangi ya kahawia, pamoja na ile harufu inayomgeuza mpita njia shingo, inataka nyuzi 140 na zaidi. Basi kazi ya mchomaji ni kuyafukuza maji yaliyo kwenye ngozi huku akiyalinda yaliyo ndani ya nyama. Bawa limeumbwa kwa kazi hiyo. Nyama yake ni kidogo, ngozi ni nyingi kuizunguka, na chini ya ngozi kuna mafuta ambayo yakiyeyuka huikaanga kutoka ndani. Kidari kikizidishiwa moto kinakuwa kama pamba. Bawa lina mishipa na gegedu zinazolainika kadiri joto linavyokaa, kwa hiyo linakusamehe.

Kanuni hii ndiyo iliyouza vikaangio vya hewa moto duniani. Tangu kampuni ya Philips ilipoanza kuviuza mwaka 2010, watu wa Ulaya na Marekani wamevipikia viazi na mabawa kwa feni inayozungusha hewa kavu, yenye joto kali, ndani ya sanduku dogo. Hewa inabeba mvuke na kuutoa nje, mafuta ya kuku yanafanya yaliyobaki. Mashine ya namna hiyo inakula wati 1,400 hivi. Katika vijiji vingi vya Masisi umeme ni paneli moja juu ya bati, ya kuchaji simu na kuwasha taa. Mama anayechoma kando ya barabara ana mbabula, makala, wavu wa chuma na kipande cha katoni cha kupepea, na kwa vitu hivyo anafika palepale inapofika feni.

Anaanza kabla ya kuchoma. Kuku wa kijijini amekimbia maisha yake yote. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta yake haba, misuli yake migumu. Ukimtupa mbichi juu ya makala, ataungua nje na kukushinda ndani. Kwa hiyo anachemshwa kwanza na chumvi, kitunguu saumu na tangawizi. Kilimani chungu hiki kinachelewa kuliko kule Walikale, kwa sababu maji yanachemka yakiwa na joto pungufu. Ni sababu ileile inayofanya maharage ya Masisi yamalize makala mengi. Kisha mabawa yanaepuliwa, yanafutwa, yanapangwa juu ya wavu bila kugusana, na kuachwa yapigwe na upepo mpaka ngozi iwe kama karatasi ukiigusa kwa kidole. Hatua hii haina moshi wala harufu, na mteja mwenye njaa anaiona kama uvivu. Lakini hapo ndipo bawa linapoamuliwa. Ngozi iliyoingia motoni na maji itatumia moto wote kuyachemsha, na ikitoka itakuwa laini, yenye rangi ya kijivu, inayovutika kama mpira.

Motoni, makala yanasogezwa upande mmoja na kuachwa yavae majivu. Joto la makala linapiga uso kwa uso, halizunguki kama hewa ya feni, na kwa hiyo mkono wa mchomaji haupumziki: anageuza, anahamisha, anainua bawa tone la mafuta linapowasha mwali. Sikiliza, maana fundi huyu anatumia sikio kuliko jicho. Mwanzoni bawa linachachatika kwa sauti nzito, ya maji yanayotoka kwa fujo. Baadaye sauti inapungua, inakuwa nyembamba, inakatika-katika. Mteja akihimiza, atajibiwa kwa heshima lakini bila kulegea: «Ngoja kwanza, papa, bado inalia.» Likinyamaza, analitoa.

Makala hayo nayo yana habari yake. Sehemu ya yale yanayouzwa Goma na pembeni yake imetoka kwa miaka mingi katika misitu ya Hifadhi ya Virunga. Mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF, ulioanza mwaka 2007, uliwahimiza wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti inayokua haraka, kama mikalitusi, ili makala yatoke shambani. Anayechoma kwa moto mdogo uliovaa majivu anatunza ladha, na gunia lake linadumu.

Walikale wana elimu mbili nyingine za moto, na zote zinahusu maji. Samaki au kuku akifungwa ndani ya majani mapana ya msituni pamoja na pilipili na mawese, majani yanayazuia maji yasitoke, na chakula kinaiva katika mvuke wake. Nyama inayopaswa kusafiri au kungoja inawekwa kwenye kichanja juu ya moshi mpaka maji yote yaishe. Jani linayafungia, moshi unayamaliza. Bawa la karakara liko katikati ya hizo mbili, nje kavu na ndani lenye maji, na kukaa katikati ni kugumu kuliko kufika mwisho wowote.

Yote haya kwa kiungo ambacho zamani hakikupiganiwa. Mezani firigisi na paja vilikuwa na wenyewe. Kipapatio kilikuwa cha watoto. Hata huko Buffalo, Marekani, mabawa yalikuwa nyama ya kutiwa supu mpaka baa ya Anchor ilipoanza kuyakaanga na kuyauza mwaka 1964. Kwetu kuku mwenyewe amepanda thamani kwa sababu nyingine. Vita vya miongo mitatu vimepora ng'ombe wa Masisi; mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi mjini mwezi Januari na Walikale mjini mwezi Machi, na watu wakakimbia tena. Ng'ombe huwezi kukimbia naye usiku. Kuku unambeba kwapani, na ukifika unaanza tena naye. Anayemchinja kuku kama huyo hana ruhusa ya kumharibu motoni, wala ya kutupa bawa lake.

Kisha hewa inataka kurudishiwa chake. Bawa lililokauka vizuri, likiachwa kwenye sahani Walikale au likifunikwa na bakuli popote pale, linaanza kunywa unyevu na kulegea. Kwa hiyo mchomaji mzuri haweki akiba ya mabawa yaliyoiva. Anayo yaliyochemshwa na kukaushwa, na moto anayapa akishaitwa. Pilipili anaiweka pembeni, haimwagi juu. Mhogo au ndizi ya kuchoma inakuja baadaye. Wewe uliyeagiza una wajibu mmoja tu, nao ni kuacha maneno na kula hapohapo, wakati kazi ya mtu bado inasikika.