Kimya cha Karatasi

Nimezipitia kumbukumbu za hebaria, ghala la mimea iliyokaushwa, za Atriplex nummularia, kichaka cha chumvi cha nyika za Australia. John Lindley alikipa jina mwaka 1848, kwa vielelezo vya msafara wa Thomas Mitchell. Nasifu uaminifu wake: mahali, tarehe, mkusanyaji. Ramani ndiyo inayonitia shaka. Nukta hupenda kufuata barabara. Penye uwazi huenda amekosekana mtu, si mmea. Tena kichaka hiki aghalabu ni dume au jike: ukikata tawi la dume, vifuniko vya mbegu, alama kuu ya kuwatambua jamaa zake, hupati. Na kondoo walipokimaliza kabla ya mkusanyaji kufika, karatasi hazisemi neno. Anayetaka kurudisha malisho leo ataambiwa hapa hakikuota kamwe.